Kangaga Lisilo na Namba

Jumatatu, 1 Machi 1993

Uji, kisha bustani. Nimebeba kigoda, Mwalimu amebeba lenzi na mkoba wa karatasi za kuchorea. Mkongojo hataki hata kuuona. Mvua imenyesha na kila kitu kinadondosha maji. Chini ya miti yetu hakukauki hata wakati wa kiangazi, sembuse sasa.

Leo tumepata namba tisa. Kangaga dogo la shina jeusi, jembamba kama waya wa redio, limejibana kwenye jiwe karibu na kijito. Nimepita hapo na ndoo tangu nilipoolewa na sijawahi kuliona. Mwalimu amefurahi hadi akakohoa. Nimeshona 9 kwa uzi mwekundu kwenye kipande cha kitambaa cheupe, nikalifungia. Ndivyo tunavyofanya. Mume wangu anatambua, mimi nashona namba. Karatasi inaoza kwenye unyevu huu, wino unachujuka. Uzi unabaki.

Zamani makangaga kwangu yalikuwa majani tu. Hayana ua, hayana tunda, fyeka. Sasa nimefundishwa kugeuza jani na kutazama chini yake, maana huko ndiko mbegu ziliko, vumbi la kahawia, na kila aina ina mpango wake. Namba mbili ina nukta katika safu mbili, vifungo vya koti. Namba tatu ukingo wake umejikunja juu ya vumbi, pindo kabisa. Mimi ni fundi wa nguo na siwezi kupinda vizuri hivyo. Lakini namba tatu haina heshima, imeota mpaka kwenye nyufa za choo.

Limebaki moja tu. Liko chini ya miti ya siala, kwenye giza. Majani mapana, laini, hayana meno. Chini hakuna kitu, na limekaa hivyo tangu mwaka jana. Bila vumbi Mwalimu hakubali kulipa jina, kitabu chake cha chuo kiseme kisemavyo. Nimelifungia kitambaa kitupu. Ameniambia kwa sauti ile aliyobaki nayo, "Hili likizaa, Mama Achieng, huenda hakuna mtu amewahi kulichora."

Nilifurahi naye. Halafu nikatazama shingo yake na furaha ikaniishia.

Alhamisi, 4 Machi

Hospitali. Uvimbe wa kooni umekua. Hakuna cha kukata tena.

Daktari aliniambia mimi, kwenye korido, kana kwamba Mwalimu ni mtoto wa chekechea aliyeachwa benchi. Nilimchukia. Alikuwa mpole, ndiyo maana nilimchukia. Angekuwa mkali ningepata cha kulalamikia njiani.

Ugali aliacha Krismasi. Sasa hata samaki wa kupondwa hapiti. Uji, maziwa, supu iliyochujwa.

Tuliporudi aliketi bustanini na kuchora namba tisa mpaka mwanga ukaisha. Mkono hautetemeki. Koo ndilo linalokufa, mkono bado mzima.

Jumapili, 7 Machi

Ouma amekuja, mdogo wake Mwalimu. Anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa upande wa Muhoroni. Ameleta ndizi ambazo mgonjwa hawezi kula na amekaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

Baada ya chai akaenda bustanini peke yake. Nilimwona dirishani. Alikumbatia siala ya kwanza ili aone unene wake, halafu ya pili. Aliigongagonga kwa kiganja. Nikatoka.

"Shemeji, hii siala imekomaa," akasema. "Mchwa haiwezi kula. Nguzo safi sana."

"Unampima ndugu yako?"

Aliinamisha kichwa. Ouma hajui kugombana, na hilo linanichosha zaidi ya ugomvi.

Najua shida yake. Kwao mdogo hajengi kabla ya mkubwa, na Mwalimu hajawahi kujenga nyumbani kwao karibu na Kombewa. Miaka yote tumeishi hapa Dunga na kijito chetu na majani yetu, Ouma na mke na watoto wanne wamebanana katika jiko la mama yao. Na mwanamume asiye na nyumba nyumbani akifa, hujengewa mbio mbio maiti ikisubiri, watu wakicheka pembeni. Yote haya nimeelezwa na nimeelewa. Mimi ni mtu wa Murang'a lakini si kipofu.

Ila nyumba hiyo ikianza leo, inaanza kwa sababu gani? Kila nguzo itakuwa inasema neno moja. Sitaki.

Jumatatu, 8 Machi

Mwalimu alikuwa amesikia yote. Asubuhi aliketi chini ya siala, akanionyesha kangaga lile lisilo na namba. Alinong'ona polepole, akipumzika kati ya maneno. Miti ikikatwa, jua litaingia. Jua likiingia, hili litakauka. Lizae kwanza, halafu Ouma achukue miti yake.

Nimemwandikia Ouma hivyo hivyo. Nimeandika kwa raha. Hatimaye nina amri ya mwenye nyumba mkononi.

Siala hizo Mwalimu alizipanda mwaka aliozaliwa Achieng. Mtoto yuko kidato cha tatu sasa, mrefu kuliko mimi, na miti imempita mara tano.

Jumatano, 17 Machi

Jani jipya limejifungua. Wiki nzima lilikuwa limejikunja kama kidole cha mtoto mchanga. Tumeligeuza. Chini ni safi kama sahani iliyooshwa.

Nilikasirikia jani. Nilitaka kuling'oa. Mtu mzima, nimepiga magoti kwenye tope, natukana mmea kimoyomoyo.

Yeye akachora tu. Ameandika juu ya mchoro: *bado*.

Jumamosi, 20 Machi

Mama mkwe amefika kutoka nyumbani. Amekuja na kikapu, unga wa wimbi, mkeka wake na mashaka yake. Amesema atakaa mpaka mtoto wake apone. Nilimpokea kikapu.

Alizunguka bustani akaona vitambaa vyangu. Alisimama mbele ya namba nne kwa muda mrefu.

"Hii nyumba nyasi inavaa nguo," akamwambia Mwalimu, "na wewe unabaki mifupa."

Mwalimu akacheka. Hana sauti ya kucheka, mabega tu ndiyo yanayopanda na kushuka. Mama naye akacheka. Ilikuwa siku nzuri kwa dakika chache.

Jumanne, 23 Machi

Jikoni, tukichambua mboga, Mama ameniuliza bila kuniangalia. "Mama Achieng, mtoto yangu atalala wapi?"

Hakunifokea. Alichambua osuga yake majani yote, akanawa, akaenda kumsugua mwanawe mgongo. Mimi nikabaki na kisu.

Nimefikiri mchana kutwa na nimepata njia. Sijui kwa nini sikuiona mapema. Si lazima nguzo ziwe siala. Pale Nyamasaria wanauza nguzo za mikaratusi, zimenyooka, zimekauka. Nitauza cherehani ya pili, ninunue nguzo, fito na mabati. Karanja, fundi wa kwetu, atajenga. Nyumba itasimama, miti itasimama, kangaga litazaa kwa wakati wake. Mwalimu hahitaji kujua mpaka kazi imekwisha. Ouma atapata nafasi ya kujenga yake. Mama atapata jibu.

Nimempigia Ouma simu ofisini kwao. Akaniuliza, "Yeye mwenyewe amekubali?" Nikasema, yeye mwenyewe. Nimedanganya bila kupepesa macho. Nilijiona mwerevu sana.

Jumamosi, 27 Machi

Naandika kwa mke wa Ouma, kwa mwanga wa koroboi.

Nilimwambia Mama naenda kuona wagonjwa wa kanisa. Nilikwenda Kombewa na lori la nguzo, mimi na Karanja. Ouma alikuwa amekwisha fyeka uwanja, upande wa kulia wa lango, mahali pa mtoto wa kwanza. Majirani walikuwa wameketi wakingoja. Wamama wamepika. Walikuwa wamefurahi, kwa sababu nyumba ya Mwalimu imengojewa miaka.

Ouma akatazama ndani ya lori. "Yeye yuko wapi? Nguzo ya kwanza mwenyewe lazima asimame."

Nilikuwa nimelifikiria hilo. Nilijua mwenyewe anatakiwa. Nikasema hana nguvu ya safari, lakini hatakosekana kabisa. Nikafungua mfuko nikatoa koti lake, lile la kahawia la kufundishia, viwiko nimevitia viraka mara tatu. Karanja alipoisimamisha nguzo nikalitundika juu yake kwa mkono wangu. Nililinyoosha mabega ili likae vizuri. Niliona ni jambo la heshima. Niliona hata machozi yananilenga kwa jinsi lilivyokaa vizuri.

Mwanamke aliyekuwa akipakua aliweka mwiko chini.

Halafu mama mzee wa boma la pili akaweka mikono kichwani na kupiga ukemi. Yowe moja refu. Kutoka ng'ambo ya barabara likajibiwa, na kutoka bondeni likajibiwa, na wanawake wakaja mbio wakilia jina la mume wangu. Watoto wakaacha kucheza. Mmoja alijitupa chini karibu na miguu yangu.

Nikasema, "Yuko hai! Yuko hai, anakunywa uji!" Nilisema kwa Kiswahili na wao walikuwa wanalia kwa Kijaluo.

Uso wa Ouma ulikuwa wa kijivu. "Shemeji," akasema, "koti ya mtu haiingii nyumba peke yake. Inaingia hivyo kama mwenyewe ameenda."

Nilinyoosha mkono kulitoa. Akanishika. "Hapana. Sasa si wewe wa kutoa."

Karanja, maskini, hajui lugha yao wala mila yao. Aliendelea kuchimba shimo la nguzo ya pili katikati ya kilio chote kile.

Jumapili, 28 Machi

Habari imefika mjini kabla yangu. Mimi nililala kwa mke wa Ouma nikisubiri gari la asubuhi. Watu hawahitaji gari.

Bwana mmoja aliyefundisha na mume wangu zamani, anayekaa Manyatta, alikuja kwa baiskeli baada ya ibada kutoa pole. Alivaa suti. Akagonga lango. Mama alikuwa kijitoni anafua. Aliyetoka kumfungulia ni marehemu.

Yule bwana aliacha baiskeli akakimbia. Imebaki hapa, imeegemezwa ukutani.

Nilipoingia Mwalimu alikuwa bado anacheka kwa mabega, anafuta macho. Ananionyesha baiskeli. Nilidhani labda tutapita hivyo, kwa kicheko. Halafu Mama akatoka jikoni. Alikuwa ameambiwa yote na aliyekuja kuuliza baiskeli. Hakunifokea. Aliniita *nyar Kikuyu*, msichana wa Wakikuyu. Miaka yote hajawahi kuniita hivyo. Tangu Achieng azaliwe mimi ni Mama Achieng.

"Umemzika mtoto yangu akinywa uji," akasema. Akaingia ndani, akageuza mkeka wake ukatazama ukuta.

Jumatatu, 29 Machi

Mama ametoa neno lake kwa Ouma, na Ouma, aliyekuja leo, ameniletea mimi, ingawa mimi na Mama tuko nyumba moja. Mwalimu aende mwenyewe. Alitoe koti kwenye nguzo kwa mkono wake, alivae, alale humo. Hivyo koti litakuwa limemtangulia tu, halijamzika. Mpaka afike hakuna atakayeligusa.

Hawezi safari. Barabara ile ni mashimo matupu. Nimesema hivyo nikaona hata mimi sina sauti katika jambo hili.

Mwalimu hakuuliza kuhusu koti. Alichukua karatasi ya kuchorea akaandika neno moja: *Mikaratusi?*

Nikamweleza yote. Nguzo, cherehani, Karanja, siala zake nilivyotaka kuziokoa, kangaga lake. Aliniangalia kama anavyomwangalia mwanafunzi aliyekesha akisoma sura isiyotahiniwa. Kwa huruma.

Akanong'ona, "Nilizipanda kwa nyumba hiyo."

Nilidhani ni za kivuli. Miaka yote hiyo nilidhani ni za kivuli.

"Sasa mbona ulisema tungoje lizae?"

Alifumba macho. Nilidhani maumivu yamemkamata. Halafu akasema, "Niliogopa."

Mimi pia, nikamwambia. Tukakaa. Hatukwenda bustanini leo.

Jumamosi, 3 Aprili

Kombewa. Tumemleta kwa pikapu ya shule, amelala juu ya godoro, kichwa mapajani mwa Achieng ambaye amefunga shule juzi. Kila shimo nililisikia mwilini mwangu. Alitapika damu kidogo. Akajifuta mwenyewe.

Mabati yamepigwa. Kuta zimekandikwa, udongo bado mbichi. Karanja amefanya kazi akiizunguka nguzo ile moja kama mtu anayezunguka nyoka. Koti lilikuwa bado linaning'inia. Lilinyeshewa kabla ya paa kupanda, limekuwa zito na linanuka uvundo.

Majirani walisimama mbali. Alikataa kubebwa. Ouma huku, Achieng huku, alitembea kutoka pikapu mpaka mlangoni, anapumzika, anatembea. Alinyoosha mkono. Koti lilikuwa juu, nililitundika juu mno mimi mjinga. Hakulifikia. Nikaona Mama anafumba macho. Akajinyoosha tena kwa vidole vya miguu, akashika mkono mmoja wa koti, akavuta. Likamwangukia kichwani.

Akalikung'uta. Akalivaa, bichi hivyo hivyo. Akafunga vifungo vyote.

Mama ndiye aliyeanza vigelegele. Ouma alilia waziwazi, mwanamume mzima, kamasi zinamtoka. Mimi sikulia. Nilikuwa natazama jinsi koti lilivyo kubwa kwake sasa, na nilikuwa nafikiri ningelipunguza mabega.

Tunalala hapa. Kunanuka udongo.

Jumapili, 4 Aprili

Asubuhi alimwita Ouma. Akate siala zote. Za mlango, za madirisha, za baraza ya nyumba hii. Zitakazobaki ni za nyumba ya Ouma, aanze mara moja.

Nikasema, "Na kangaga?"

Alipunga mkono kama anayefukuza nzi. Iliniuma. Nimeuza cherehani kwa ajili ya nzi huyo.

Tumerudi jioni. Mama amepanda pikapu nasi. Bado haniiti jina lolote.

Alhamisi, 8 Aprili

Mashoka tangu asubuhi. Mwalimu aliketi kwenye kigoda, amevaa koti, anatazama. Kila mti ulipolala alitikisa kichwa kukubali. Niliwahi kumwona hivyo akisahihisha mitihani.

Mti wa mwisho ulipoanguka jua likaingia. Sijawahi kuona jua mahali pale. Kila kitu kilionekana kidogo na kichafu, vitambaa vyangu vimeingia ukungu, kijito ni mfereji tu. Hii ndiyo bustani tuliyokuwa tukiilinda.

Nilisimamisha vijiti nikafunika kangaga kwa gunia lililoloweshwa. Mwalimu akanyoosha kidole. Liache. Nikajifanya sioni. Akanyoosha tena. Nimeondoa gunia.

Kufika saa tisa majani yalikuwa yamelala.

Jumapili, 11 Aprili

Pasaka. Majani yote ya kangaga yameungua, yamekuwa kama karatasi ya kufungia sigara. Kitambaa kitupu kiko juu ya kikonyo.

Hakuamka kwenda bustanini. Achieng alimletea majani ya namba zote kwenye ungo, naye Mwalimu akayageuza mojamoja kitandani. Alimfundisha kushika lenzi karibu na jicho, si karibu na jani. Mtoto anakosea kusudi ili arudiwe. Nimemwona.

Maji pia sasa ni kwa kijiko.

Ijumaa, 16 Aprili

Amekufa asubuhi.

Nilikuwa nachuja uji. Mama alikuwa naye. Nilisikia, na nikaendelea kuchuja mpaka ukaisha wote, nikaumimina kikombeni, nikaweka kifuniko.

Jumamosi, 24 Aprili

Tumemzika. Usiku wa kuamkia leo alilala katika nyumba yake, ndani ya mlango wa siala. Fremu bado inatoa utomvu. Alivaa koti. Nilikuwa nimelipunguza mabega.

Watu walikuwa wengi sana. Hakuna aliyejenga mbio. Hakuna aliyecheka pembeni. Nilimsikia mzee mmoja akimwonyesha mwenzake nguzo za baraza, akisema mwenyewe alizipanda. Jambo hilo limenifaa zaidi ya mahubiri yote.

Yule bwana wa baiskeli alikuja. Alisimama mbali na jeneza mpaka mwisho.

Mchana, watu wakila, Mama alinitafuta na sahani mkononi. "Mama Achieng, hujakula tangu jana." Nilikula. Nilikula nyama na machozi pamoja na sikujali nani ananiona.

Hasira ninayo bado. Namkasirikia yeye. Angesema zamani, ningemshikia nguzo ya kwanza nikiwa na nguvu na furaha. Angetamka neno "naogopa" miezi sita mapema. Lakini hata mimi sikulitamka.

Jumapili, 13 Juni

Nimerudi Dunga wiki hii kufagia na kufungua madirisha, tangu mazishi nilikuwa Kombewa. Achieng yuko shuleni. Ouma amepiga mabati ya nyumba yake jana, ameniambia kwa simu akipiga kelele kana kwamba naye yuko juu ya paa.

Bustani imekuwa pori. Mashina ya siala yamechipua, machipukizi yanafika gotini. Nilipita na fagio, sikuwa na nia ya kutazama chochote.

Kitambaa kitupu bado kipo. Juu yake kuna majani mapya, mengi, magumu, yamesimama juani. Si mapana tena. Yamechanika meno membamba pande zote mbili. Niliyatambua kabla sijapiga magoti, lakini niligeuza, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Ukingo wote umejikunja juu ya vumbi la kahawia. Pindo.

Ni namba tatu. Ni ile ile ya kwenye nyufa za choo. Giza ndilo lililokuwa limeibadilisha sura na kuizuia kuzaa. Miti tuliyoibakiza kwa ajili yake ndiyo iliyokuwa ikiinyima jua.

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, peke yangu, nikiwa na jani mkononi. Angecheka mpaka mabega yamuume. Halafu nikakumbuka hayupo wa kumwonyesha, na nikakaa juu ya shina la siala mpaka niliposikia baridi.

Sindano ilikuwa bado kwenye kibweta, na uzi mwekundu. Nimelifungua lile fundo, nikakiosha kitambaa, nikakikausha juu ya jiwe. Nimeshona 3. Nimekirudisha mahali pake.

Kesho nitapita Kombewa kwa Mama, amesema chumvi imemwishia.